Picha ya Joho Ipo Ukutani, Mwenye Picha Hana Nauli: Kisa cha Kijana wa Ugalla na Orodha Aliyompa Mdogo Wake

Juni 2024, treni ya Mpanda iliingia stesheni na abiria wakaanza kugombania mizigo yao kama kawaida. Kijana mmoja alishuka kwenye behewa la daraja la tatu akiwa na begi moja la mgongoni na shilingi 14,000 mfukoni. Kofia aliivuta mpaka machoni. Mpanda ni mji mdogo, ukikohoa sokoni wanakujibu stendi, na yeye siku hiyo hakutaka kujulikana.

Kwa nini? Kwa sababu nyumbani kwao Ugalla, halmashauri ya Nsimbo, kila mtu alimjua kama "bosi wa Dodoma". Kwenye sebule ya mama yake kuna picha kubwa amevaa joho, imewekwa fremu, imetundikwa juu ya kabati la vyombo. Mgeni akiingia, kabla hajapewa maji anaonyeshwa picha. "Huyu ndio wa kwanza, yuko Dodoma, kazini."

Kazi yenyewe sasa. Bosi alikuwa anachapa barua na kutoa fotokopi kwenye steshenari ya mtu, analipwa 5,000 kwa siku, na siku umeme ukikatika halipwi.

Mjomba wake alikuja kumpokea na pikipiki.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Mizigo yako mingine iko wapi?"

"Hamna mingine."

Mjomba akawasha pikipiki. Barabara ya vumbi inayoelekea Ugalla mpaka Kaliua ni ndefu, na njia nzima hakuna aliyeongea. Mjomba alikuwa anajua tayari. Alijuaje? Twende taratibu.

BOOM LA KWANZA

Kijana aliingia chuo mwaka 2019, shahada ya ualimu, masomo ya Jiografia na Kiswahili. Ugalla watu wanaishi kwa tumbaku, mahindi, mpunga, ng'ombe na asali ya miombo, kwa hiyo mtoto kupata chuo ni sherehe ya kitongoji kizima. Mama aliuza gunia za mahindi kabla bei haijapanda ili kijana apate nauli na godoro. Bahati nzuri Bodi ya Mikopo ikampa mkopo. Wakati ule pesa ya chakula na malazi ilikuwa 8,500 kwa siku, ikiingia ya siku 60 ni 510,000 kwa mkupuo.

Wale wa chuo mnaelewa. Mtu ambaye hajawahi kushika laki moja yake mwenyewe, leo simu inaita, meseji inasoma laki tano na kumi. Akili inahama kabisa.

Simu kali, 320,000. Raba, 45,000. Wikiendi moja ya kula bata na washkaji wa bloku, 60,000. Wiki ya pili imeanza, mfukoni ana 85,000 na siku za kula bado hamsini na kitu. Hapo ndio akajifunza kula mara moja kwa siku saa kumi jioni, ili mlo uhesabike ni wa mchana na wa usiku pia.

Machi 2020 vyuo vikafungwa kwa ajili ya korona, wote wakarudi nyumbani mpaka Juni mosi. Mama akaiona ile simu. Akaishika kwa mikono miwili, akauliza, "Hii bei gani mwanangu?"

Kijana akajibu, "Tumepewa na chuo, ya kusomea."

Uongo mdogo tu huo. Haukumuumiza mtu. Mama akafurahi, akawaambia majirani chuo cha mwanangu wanagawa simu. Ila ndio ulikuwa wa kwanza, na ukishaona wa kwanza umepita salama, wa pili unakuja wenyewe.

KITAA HAKINA RATIBA

Mwaka 2022 akamaliza. GPA 2.8, daraja la pili la chini. Sio mbaya, lakini semesta mbili za kwanza zilikuwa na sapu tatu na ndizo zilimvuta chini mpaka mwisho. Siku ya mahafali mama hakuweza kwenda, nauli ilikuwa mbali, kwa hiyo kijana akapiga picha na kuituma. Ndiyo ile ya ukutani.

Wengi hamuambiwi kuhusu kitaa. Chuoni kila kitu kina ratiba. Kipindi saa mbili, testi wiki ijayo, boom mwezi fulani. Ukimaliza, asubuhi moja unaamka geto na hakuna mtu yeyote duniani anayekusubiri mahali popote. Hilo peke yake linaweza kumchanganya mtu.

Akaanza kuomba ajira. Mwaka 2023 serikali ilitangaza nafasi zaidi ya 21,000 za walimu na kada za afya, na kijana akaomba akiwa na uhakika kabisa. Majina yakatoka, akashusha orodha yote kwa kidole, yake hakuna. Akaipitia tena usiku labda wamekosea herufi. Hakuna.

Kesho yake mama akapiga simu. Alikuwa kwa jirani, sauti za watu zinasikika nyuma. "Mwanangu, vipi, umepata?"

Akasema, "Nimepata mama. Ya mkataba, ofisi moja hapa hapa Dodoma."

Vigelegele vilisikika mpaka kwenye simu.

Kuanzia siku hiyo akawa anaishi maisha mawili. Picha za kuweka status anapigia kwenye ofisi ya mshkaji wake, kavaa tai ya kuazima. Pesa ya kutuma nyumbani, leo 30,000, mwezi ujao 50,000, anakopa kwenye programu za mikopo za simu. Unaomba 100,000, unapokea 70,000, wanataka 120,000 ndani ya siku 14. Unakopa kwa huyu unamlipa yule. Watu wanaita kausha damu na jina limekaa sawa.

GODORO LA MDOGO WAKE

Hadi hapo unaweza kusema ni maisha, kila mtu kapitia. Subiri.

Mwaka huo huo wa 2023 mdogo wake wa kike alichaguliwa kidato cha tano, tahasusi ya CBG. Ada ya kidato cha tano na sita serikali ilishaifuta mwaka 2022, lakini mtoto wa bweni haendi mikono mitupu. Kuna godoro, shuka, sare, ndoo, madaftari, michango na nauli. Ukijumlisha, laki mbili na nusu hiyo.

Kaka mtu akasema kwenye simu, "Hiyo niachieni mimi."

Nyumbani wakamwachia. Pesa ya tumbaku ya mwaka ule wakanunulia bati, maana nyumba ilikuwa inavuja, na si bosi kasema ya shule iko kwake.

Tarehe ya kuripoti ikafika. Kijana alituma 40,000. Akasema mshahara umechelewa. Wiki ikapita. Akasema kuna tatizo benki. Wiki nyingine. Akaacha kupokea simu. Binti alikaa nyumbani wiki tatu, begi lake la chuma limefungwa, kila asubuhi anavaa sketi ya shule anakaa nje, mchana anaivua. Nafasi yake ilikaribia kupewa mtu mwingine. Mwishowe mama akauza mbuzi wawili na mjomba akakopesha kilichobaki.

Binti hakumlaumu kaka yake. Alimtumia meseji moja tu akiwa njiani: "Nimefika Tabora kaka, usijali, najua kazi ni ngumu."

Mpaka leo kijana anasema bora angetukanwa.

MESEJI ILIYOMRUDISHA

Mei 2024 deni likagoma kuzungushika. Wale jamaa wa programu walikuwa wameshachukua namba zote za simu yake siku anajisajili, alibonyeza "kubali" bila kusoma kama wengi mnavyofanya. Wakaanza kutuma meseji kwa watu wake. Mshkaji wa ofisi ile akapata. Mwalimu wake wa sekondari akapata. Na mjomba akapata, amekaa kijiweni na wenzake: mtu huyu ni tapeli, anadaiwa, mwambie alipe.

Mjomba hakumwambia mtu. Alipiga simu akasema, "Mjomba, nauli ya treni unayo?"

"Sina."

"Nakutumia. Njoo nyumbani."

Ni vizuri kujua kwamba Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilizipiga marufuku programu na majukwaa 69 ya kukopesha mtandaoni ambayo hayakuwa na leseni. Kwa kijana huyu ilikuwa imechelewa, lakini wewe bado hujachelewa. Kabla hujakopa popote, hakikisha wana leseni, na ukiona programu inaomba kuona namba za watu wako wote, toka.

Usiku ule Ugalla, baada ya kula, watoto wamelala, kijana alimfuata mama jikoni akamwambia yote. Simu ya chuo, ofisi, tai, godoro. Mama alikuwa anapanga kuni. Hakupiga kelele. Alisema kitu kimoja:

"Kwa hiyo miaka yote hii mimi nimekuwa nawadanganya watu kanisani na sijui."

Kijana hakuwa na jibu. Mama akakaa kimya muda mrefu, akafunika chungu, akasema, "Kesho kuna mahindi ya kupukuchua. Ulale mapema."

Na kweli kesho yake alipukuchua mahindi. Wapo waliopita barabarani wakacheka, "Digrii imekuja kupukuchua." Wiki ya kwanza iliuma sana. Ya tatu wakawa wamezoea. Ya tano hakuna aliyekuwa na habari naye, watu wana shida zao. Mwaka mzima aliogopa kitu ambacho kiliisha ndani ya mwezi mmoja.

Baada ya hapo akaanza kujitolea kufundisha sekondari, kwa posho ndogo inayotokana na michango ya wazazi. Jioni akawa anawashikia wafuga nyuki fulani vitabu vyao vya hesabu. Walikuwa wanauza asali kwa dumu, hawajui msimu umewaingizia ngapi. Akawaandikia kila dumu, kila bei, na msimu uliofuata sehemu ya asali wakaichuja vizuri na kuiuza kwa chupa mjini Mpanda. Hajawa tajiri, tusidanganyane. Ila deni la simu kalimaliza, na mjomba karudishiwa pesa ya godoro.

Ajira bado. Siku hizi walimu nao wanaomba kupitia Ajira Portal na wanafanyiwa usaili. Alifanya Januari 2025, hakupangiwa kituo. Safari hii alimpigia mama dakika ile ile: "Mama, nimekosa." Mama akasema, "Haya, ukija pitia dukani uniletee chumvi."

ORODHA

Mdogo wake alimaliza kidato cha sita mwaka 2025, akafaulu, akapata chuo na mkopo. Kabla hajaondoka, Novemba 2025, kaka yake alimwandikia orodha kwenye karatasi ya daftari. Imeandikwa hapa kwa ruhusa yao, na wewe unayeanza chuo au unayemaliza, inakuhusu.

1. Boom ni chakula, sio mshahara. Siku hizi ni 10,000 kwa siku, ya siku 60 ni 600,000. Siku inayoingia, lipa kwanza chumba, kisha gawa iliyobaki kwa idadi ya wiki, kila wiki toa fungu lake tu. Simu mpya itakusubiri. Tumbo halisubiri.

2. Mwaka wa kwanza ndio unaoamua GPA. Kuanzia 3.5 ni daraja la pili la juu, 4.4 kwenda juu ni la kwanza. Ukianza na 2.3 utaisukuma miaka yote miwili iliyobaki na kufika huko ni kazi ngumu. Watu wanasema mwaka wa kwanza ni wa kuzoea mazingira. Zoea huku unasoma.

3. Majina yako yawe mamoja. Cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita, kitambulisho cha NIDA, vyote viseme kitu kimoja, herufi kwa herufi. Kama kuna tofauti, rekebisha ukiwa bado mwanafunzi. Kuna watu wamekosa usaili kwa sababu ya herufi moja.

4. Field sio kusainiwa tu. Kaka alichagua shule ya mjini ili awe karibu na washkaji, akasainiwa, akaondoka bila kujuana na mtu. Nenda mahali utakapofanya kazi kweli, na uondoke watu wakikumbuka jina lako. Connection mnayoililia mtandaoni mara nyingi inaanzia hapo.

5. Mwalimu akikuita usiku kuhusu maksi, usiende. Rushwa ya ngono ni kosa kwenye sheria ya rushwa ya mwaka 2007. Tunza meseji, mwambie mtu unayemwamini, piga TAKUKURU 113, ni bure. Na usinyamaze kwa kuogopa kufeli, sapu inarudiwa.

6. Mkopo wa Bodi ni deni. Ukimaliza una miezi 24, kisha ukiajiriwa wanakata asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi. Ile tozo ya asilimia 6 iliyokuwa inaongeza deni kila mwaka ilifutwa 2021, kwa hiyo ukianza kulipa hata kidogo kidogo, unaona linapungua. Tunza namba zako na usikimbie.

7. Chumba cha watu wanne kisigeuke cha watu tisa. Kubebana kupo, kusaidiana kupo, lakini jua nani anakula boom lako na lake hulioni. Na mapenzi ya chuo ni matamu, ila mwisho wa semesta mtihani unaingia mwenyewe.

8. Jifunze kitu kimoja cha mkono kabla hujamaliza. Kuchapa, kushona, kusuka, hesabu za kompyuta, chochote ambacho mtu wa mtaani anaweza kukulipa leo leo. Ile miezi ya mwanzo kitaa, hicho ndicho kitakulisha huku vyeti vinasubiri.

9. Siku ukimaliza na huna kazi, piga simu nyumbani siku hiyo hiyo useme huna kazi.

Ya tisa aliipigia mstari mara mbili.

Kuna mtu atasema, wazazi wa kijijini hawaelewi, ukisema huna kazi watakuona umechezea pesa zao. Inawezekana, wengine wanakasirika kweli. Lakini fikiria hili. Familia ya mkulima inapanga mwaka mzima kwa pesa inayoingia mara moja, siku tumbaku inapouzwa. Wakijua huna, wanapanga bila wewe, na godoro linanunuliwa. Wakidhani unayo, wanapanga na wewe, wananunua bati, na anayekaa nje na sketi ya shule ni mdogo wako. Hasira ya mzazi inaweza kuisha kwa wiki. Wiki tatu za darasani hazirudi.

Siku ya safari walikuwa stendi ya mabasi Mpanda, maana sasa kuna lami mpaka Tabora na watu wengi wanapanda basi. Binti alisoma orodha yote akiwa amesimama, akaikunja, akaiweka kwenye bahasha ya vyeti.

"Kaka, ya tisa nikiisahau?"

"Usiisahau."

"Na nikipata sapu je, nayo nipige?"

Kijana akacheka. "Piga. Mama atakuambia umletee chumvi."

Basi likaondoka. Ile picha ya joho bado ipo ukutani. Mgeni akija anaonyeshwa kama zamani, ila maelezo yamebadilika: "Huyu ndio wa kwanza, kasoma ualimu, yuko hapa hapa, anajitolea, kazi anaitafuta."

Wewe je, ulipomaliza chuo uliwaambia nini nyumbani? Na kama bado hujawaambia, unasubiri nini?